Mbao Ishirini na Mbili

Baba alijenga baraza la mbao katika kijiji ambacho kila mtu ana baraza la udongo, na watu walimcheka. Nyumba yetu ya Mwese imekaa ubavuni mwa mlima. Ukitoka mlango wa mbele ardhi inashuka ghafla, na wenzake walikuwa wakijaza mteremko huo kwa mawe na udongo kila baada ya masika. Yeye alisema amechoka kubeba udongo ambao mvua inaurudisha bondeni. Akasimamisha nguzo, akapigilia juu yake mbao za mninga ishirini na mbili, akaacha upenyo wa kidole kati ya ubao na ubao ili maji yapite. Chini yake palibaki nafasi ya mbuzi kulala. Hakuwa seremala. Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mtu mkaidi, na baraza lile lilikuwa ukaidi wake mkubwa kuliko wote.

Adui wa mbao huku kwetu ni mchwa, na dawa ya mchwa ni oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za malori. Kila kiangazi baba alipaka. Nilipoajiriwa kufundisha shule ya msingi Mpanda mjini na kupanga nyumba Nsemulwa, kazi ya kutafuta oili ikawa yangu. Nilikwenda gereji na dumu, wakanijazia, nikalifunga nyuma ya bodaboda inayopanda mlimani. Halafu nilipiga simu kuuliza kama limefika. Nilijiona binti mwenye manufaa sana kwa wazazi wake.

Kiangazi cha mwaka juzi baba alinipigia yeye. Nilikuwa na rundo la madaftari ya darasa la sita mezani, na kalamu nyekundu mkononi, na hasira za siku nzima. Alisema dumu limefika, ananishukuru, ila safari hii anajisikia mzito, mkono wa kushoto unakufa ganzi. Je, si tungengoja likizo yangu, niende tusaidiane?

"Mchwa hawana likizo, baba," nikamwambia.

Nilicheka mwenyewe kwa jinsi nilivyolipata jibu hilo haraka. Walimu tuna ugonjwa huo wa kupenda majibu yetu. Nikaongeza kwamba kupaka oili ni kazi ya nusu siku, tena ni mazoezi mazuri kwa mtu wa umri wake, daktari yeyote angemwambia hivyo hivyo. Akacheka na yeye. "Sawa, mwalimu," akasema. Tangu nianze kazi hakuniita tena kwa jina, aliniita mwalimu, na alilisema mbele za watu kama anavua kofia. Kabla hajakata nilimsikia mama akikohoa pembeni. Masikio ya baba yalikuwa yamechoka, simu yake ilikuwa inatoa sauti ya kujaza chumba, na kila neno nililosema mama alilisikia.

Siku tano baadaye baba alianguka barazani, brashi mkononi, jua likiwa la utosi. Mama alikuwa mtoni. Aliporudi na ndoo yake alimkuta amelala kifudifudi, debe la oili limepinduka, oili imetanda kumzunguka mwili mzima. Hakuweza kumwinua. Kila alipomshika, mikono iliteleza. Alipiga kelele, lakini majirani walikuwa mashambani, na aliyesikia kwanza alikuja na pikipiki, na pikipiki haibebi mtu asiyeweza kukaa. Wakatuma ujumbe kutafuta gari. Mama akakaa chini katikati ya ile oili, akaweka kichwa cha mumewe mapajani, wakasubiri. Gari lilipofika hakukuwa tena na mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Nilifika kesho yake asubuhi. Walikuwa wamemwaga majivu juu ya mbao ili waombolezaji wasiteleze. Mama alikuwa amekichoma kitenge alichokuwa amekivaa. Hakuniambia chochote kuhusu simu ile, wala mimi sikuthubutu kuuliza, na tulizika.

Majivu yalipopeperuka na mvua za kwanza kupiga, doa likajitokeza. Oili ile nyingi ilikuwa imezama kwenye mbao ikawa nyeusi ti, yenye kunata, na vumbi likaganda juu yake. Lakini pale alipokuwa amelala baba, mbao zilikunywa kidogo. Basi pakabaki umbo la rangi ya kahawia katikati ya weusi: bega, kiuno, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni. Na karibu na bega, mahali padogo pa duara, ndipo mama alipokaa. Mgeni asingeelewa. Sisi tulielewa.

Mama aliacha kutumia mlango wa mbele. Aliufunga kwa komeo ndani, akawa anatoka na kuingia kwa mlango wa uani, na mchana kutwa alishinda kwenye kibanda cha jiko, kwenye moshi, akikohoa. Nilipokuja likizo ya Desemba nilimkuta amehamishia godoro lake chumba cha nyuma. Nilimwambia aje Nsemulwa tukae wote. Alisema hawezi kuacha maharage. Maharage yenyewe alikuwa ameshayavuna.

Wazazi wangu waliingia nchi hii wakiwa watoto migongoni mwa mama zao, wakitoka Burundi, na katika ukoo wetu msiba haumalizwi kaburini. Unamalizwa baada ya mwaka. Watu wanakuja, wanasali, wanakula, na mjane anakaa mbele ya nyumba yake, watu wamwone kwamba amerudi miongoni mwa walio hai. Ndivyo inavyofanyika. Mwezi Juni mwaka jana, siku kumi kabla ya siku hiyo, mama aliniambia kwa simu kwamba wageni wataingilia uani, na yeye atakaa jikoni.

"Watu watasemaje, mama?"

"Waseme."

Nikapanda Mwese na mkoba wa nguo, misasa, na kopo la vanishi, nikiwa na nia moja tu: mama yangu atoke mlango wa mbele akae barazani kwake siku ile. Kama doa ndilo linalomzuia, nitalitoa. Nilijiambia hivyo njia nzima, bodaboda ikirukaruka kwenye mawe, na nilikuwa ninaamini.

Siku ya kwanza nilimwaga pumba za mpunga juu ya weusi ule, nikazikanyagakanyaga ili zifyonze. Zilifyonza za juu tu. Siku ya pili nilisugua kwa mafuta ya taa na matambara mpaka kichwa kikaniuma, na kitu pekee nilichofanikiwa ni kulipanua doa. Siku ya tatu nikavunja chupa, nikachukua kigae cha kioo kama wafanyavyo maseremala, nikaanza kukwangua. Kioo kinang'oa vizuri, kinatoa nyuzi nyembamba nyeusi zinazojikunja. Kwa siku nzima nilikwangua eneo la sinia moja. Kuku wakawa wananijia na kuoga vumbi kando yangu, nikawarushia kandambili. Washauri nao hawakukosekana. Kila aliyepita njiani alisimama, akatazama, akasema angekuwa yeye angezing'oa zote akapikie.

Mama hakuja kutazama. Nilimsikia upande wa pili wa nyumba akipepeta, akichota, akikohoa. Saa ya kula aliniletea ugali mlango wa uani, nami nikazunguka nyumba kuufuata, mikono ikiwa myeusi mpaka viwiko. Alinimiminia maji ya kunawa, akatazama mikono ile kwa muda, akarudi zake jikoni.

Siku ya nne nikafanya kosa la mtu mwenye haraka. Nilikuwa nimebeba kostiki, ile wanayotengenezea sabuni za miche akina mama wa mjini, kwa sababu kitu kinachogeuza mafuta kuwa sabuni kitashindwaje na oili? Niliichanganya na maji kwenye debe, nikavaa glavu, nikaimwaga. Kwa kweli ilifanya kazi. Oili ilichemka ikawa uji wa kahawia, nikaisukuma chini kwa ufagio na ndoo za maji, na kwa mara ya kwanza niliona mishipa ya mbao. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu kama kichaa. Kisha jua likapiga, mbao zikakauka, na mninga ukaanza kuwa mweusi. Haukuwa mweusi wa oili sasa. Ni ubao wenyewe uliogeuka, mweusi wa mkaa, mbele ya macho yangu, na umbo lile likaonekana wazi kuliko mwanzo, maana pale kostiki ilizama kidogo. Glavu ya kushoto nayo ilikuwa imetoboka. Kovu ninalo mpaka leo, juu ya kidole gumba.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa lile nililopaswa kulilia tangu mwanzo.

Jioni nilimpigia fundi mmoja wa Kasokola, mzee anayetutengenezea madawati ya shule. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Mwalimu, nani alikwambia umwage kostiki kwenye mninga?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana. Mninga ukikutana na kostiki unakasirika. Sasa tafuta kitu kichachu. Ukwaju. Loweka mwingi kwenye maji ya moto, chuja, paka, acha, suuza, paka tena. Utarudi wenyewe taratibu. Na hiyo vanishi yako iweke kwanza. Vanishi haishiki juu ya oili. Ng'oa ubao mmoja utazame chini kama ni safi. Kama ni safi, geuza zote, umalize."

Alinitumia ukwaju nusu gunia kwa bodaboda, maana kule juu kwetu haumei. Kesho yake, wakati ukwaju unalowana, nilichukua mtarimbo nikang'oa ubao wa pembeni kabisa. Misumari ilitoka ikilia. Nikaugeuza ubao.

Chini ulikuwa umepakwa. Haukudondokewa wala kuvujiwa. Ulikuwa umepakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, miaka yote, kila pembe, hadi kwenye vichwa vya nguzo. Nikashuka ngazi, nikainama, nikachungulia chini ya baraza. Kulikuwa na gunia limetandikwa ardhini, limelainika na kuwa jeusi, limebonyea shimo la mabega. Pembeni yake kopo dogo na tambara la kufutia macho. Niliingia kwa magoti, nikalala chali juu ya lile gunia. Upande huo wa ukutani ardhi haijashuka, na mbao zilikuwa kiganja kimoja kutoka usoni kwangu. Mkono ukiuinua haunyooki, unapaka ukiwa umekunja kiwiko, na kila kitu kinachodondoka kinadondokea machoni. Nilinyanyua mkono mtupu nikajaribu kama ninapaka. Kabla ya kufika ubao wa pili bega lilikuwa linawaka.

Nilikwenda jikoni na majani kichwani. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Mama, baba alikuwa anapaka na chini?"

"Chini ndiko mchwa wanakoanzia."

"Alikuwa anatumia muda gani?"

"Siku mbili chini. Siku moja juu."

"Hakuniambia."

"Hukuuliza, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, kwa Kirundi cha utoto wangu. Alilisema bila ukali. Akaendelea na maharage.

Niliurudisha ubao mahali pake, nikaupigilia. Kugeuza hakukuwezekana, na hata kama kungewezekana nisingegeuza. Siku nne zilizofuata nilizifanya kwa ukwaju. Nilipaka, nikasubiri, nikasuuza, nikakwangua kwa kioo, nikapaka tena, nikiwa nimepiga magoti ubao kwa ubao. Ukwaju uliingia kwenye kile kidonda cha kidole kila mara, na niliona ni haki. Weusi wa mkaa ukafifia ukawa kijivu, kijivu kikawa kahawia. Siku ya tisa, saa sita mchana, nilimwaga ndoo ya mwisho, nikafagia maji, na mbao zikakauka zikiwa na rangi nyekundu ya dhahabu ambayo sikuiona tangu nikiwa binti mdogo, wakati baba anazipigilia. Umbo lilikuwa limekwisha. Nilitafuta bega sikulipata. Nilitafuta lile duara la mama nalo halikuwepo. Niliogopa kidogo, kwa sababu sasa hakukuwa na kitu chochote barazani kinachoonyesha kwamba mtu alilala pale.

Nikasikia komeo.

Mlango wa mbele ulifunguka kwa kukwaruza, umevimba kwa mvua za mwaka mzima. Mama alisimama kizingitini peku, kilemba chake cheusi cha msiba kichwani. Alitazama mbao. Kisha akatoka, hatua nne, bila kuuliza wala kutafuta, akakaa chini. Alikaa palepale. Doa halikuwepo tena, lakini yeye alipajua kuliko mimi niliyekuwa nimepasugua siku tisa. Akanyoosha miguu, akaweka kiganja kwenye ubao ulio mbele ya mapaja yake.

Nilibaki nimesimama na ufagio. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima aseme, na sasa nilitamani asiseme.

"Asubuhi ile nilimwambia apumzike," mama akasema. "Amemaliza chini, mkono umevimba. Nikamwambia huku juu kungoje, mtoto atakuja likizo. Akanicheka. Akasema, mwalimu amesema mchwa hawana likizo."

Ufagio ulinitoka mkononi.

"Mama, nisamehe."

"Alilipenda sana neno lako. Alilirudia siku zote tatu, hata akiwa huko chini nilimsikia analisema peke yake, anacheka." Alipangusa ubao kwa kiganja kana kwamba kuna makombo. "Mimi nilisikia kwenye simu. Nilitaka kuichukua nikwambie ukweli, nikaona nisimwaibishe. Na mimi ninalo langu."

Nililia nimesimama, na yeye aliniacha nilie. Hakunivuta wala hakunifukuza. Kuku mmoja alipanda ngazi, akatutazama, akashuka.

"Umepanga kupaka nini?" akauliza baadaye.

"Nimeleta vanishi."

"Hiyo mchwa wanaila." Akaonyesha kwa kidevu upande wa jikoni. "Dumu lako lipo nyuma ya kibanda. Limebaki nusu. Huku juu utapaka wageni wakishaondoka, kesho watu wana nguo nzuri. Leo paka chini. Na mwaka kesho utakuja upake, na mwaka mwingine, mpaka niondoke. Usimtume mtu."

"Ndiyo, mama."

Dumu lilikuwa palepale alipoliweka baba, mpira wa bodaboda niliolifungia mimi mwenyewe bado uko shingoni mwake. Nilimimina oili kwenye lile kopo dogo, nikafunga kichwa kwa kitambaa, nikaingia chini ya baraza kwa magoti, nikalala chali kwenye gunia. Mabega yangu yalikaa ndani ya shimo la mabega yake, likiwa kubwa kidogo kwangu. Tone la kwanza lilinidondokea mdomoni. Kupitia upenyo wa mbao niliona pindo la kitenge cha mama, na nyayo zake.

"Ukimaliza ubao unataja namba," sauti yake ikasema kutoka juu. "Yeye alikuwa anataja, mimi ninahesabu, nijue yuko mzima huko chini. Siku ya kupaka juu tulikuwa hatuhesabu. Ndiyo nikaenda mtoni."

Nilipaka. Bega lilianza kuwaka kabla sijafika mwisho wa ubao.

"Moja," nikasema.

Nikasikia kiganja chake kikigonga ubao mara moja, juu ya uso wangu.

"Bado ishirini na moja," mama akasema.